Samaki wa Tanganyika wasimwagwe Kivu

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wa matangazo madogo wa toleo lenu lililopita, mkazi mmoja wa Muhumba, hapa Bukavu, anayehama mji alitangaza kwamba anatoa bure samaki wake wa akwariamu, pamoja na tangi, pampu na mawe yao, kwa yeyote atakayefika kuwachukua kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba asipopatikana mtu atawaachilia katika Ziwa Kivu. Nia yake naiona ni njema, kwa kuwa wapo wanaohama na kuwaacha viumbe hao wafie ndani ya nyumba iliyofungwa. Hata hivyo naomba nafasi katika gazeti lenu nieleze kwa nini sharti lile la mwisho lisikubaliwe na mtu yeyote anayeishi kando ya Kivu, na kwa nini samaki hao wasikabidhiwe kwa mtu wa kwanza atakayebisha hodi.

Wafugaji wa samaki wa mapambo mjini kwetu si wengi, lakini wanajuana, na ukipita kwenye nyumba zao kuanzia Nguba hadi Bagira utakuta matangi mengi yana samaki wa ukoo mmoja, yaani sikilidi wa Ziwa Tanganyika. Sababu yake ni jiografia tu: Uvira, iliyo ufukweni mwa Tanganyika, iko karibu, wavuvi wa huko wanawafahamu samaki wa miamba, na safari ya kupandisha bidoni moja hadi Bukavu inawezekana kwa siku moja barabara ikiwa salama. Sikilidi ni ukoo ule ule wa tilapia tunayoinunua katika soko la Kadutu, ila Tanganyika ukoo huo umetawanyika kwa namna ya ajabu. Zipo aina zaidi ya 200, na karibu zote haziishi popote pengine duniani. Wapo wanaokwangua mwani juu ya mawe, wapo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono waliokufa, wapo wanaobeba mayai kinywani, na wapo hata wale wa jenasi Perissodus ambao chakula chao ni magamba wanayoyabandua ubavuni mwa samaki wengine, huku kinywa cha kila mmoja wao kikiwa kimepinda ama kushoto ama kulia, kwa hiyo hushambulia upande mmoja tu wa windo lake. Mwalimu wa biolojia angeweza kufundisha muhula mzima mbele ya viumbe hao bila kufungua kitabu, lakini hilo nalo ni jambo la barua nyingine.

Watu wengi hudhani kwamba samaki wa nyumbani akitupwa ziwani hufa siku hiyo hiyo, au huliwa, na mambo yakaishia hapo. Kwa samaki wa Tanganyika dhana hiyo haina msingi. Maji ya Kivu yana madini mengi na pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, hukaribia 9, kama yalivyo maji ya Tanganyika, na tofauti anayoihisi samaki ni ubaridi wa kiasi tu. Kilichowazuia samaki wa kusini wasifike kwetu si maji yenyewe bali ni Ruzizi, mto wa kilomita zipatazo 120 ambao unaanzia hapa hapa mjini, kwenye mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, ukashuka hadi mita 770 hivi kule Uvira, ukipita katika makorongo na maporomoko ambayo samaki hawezi kuyapanda. Tangu volkeno za Virunga zilipoziba njia ya zamani ya maji kuelekea kaskazini, na ziwa likaanza kumwagikia kusini, kizuizi hicho kimekuwa kikifanya kazi yake. Ndiyo maana Kivu lina aina zipatazo 30 tu za samaki, pamoja na zile zilizoletwa na binadamu, na kati yake 15 ni za jenasi Haplochromis, sikilidi pia, ambazo hazipatikani popote isipokuwa katika ziwa hili letu na la jirani zetu wa Rwanda.

Aliyevusha samaki kizuizi hicho ni mwanadamu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipandikizwa Kivu samaki mdogo wa Tanganyika, Limnothrissa miodon, ambaye leo kila mtoto wa Bukavu anamfahamu kwa jina la sambaza. Sitaki kuonekana mnafiki: sambaza amelisha familia nyingi, amewapa kazi wavuvi wa usiku na akina mama wanaomkausha na kumuuza, na mezani kwangu hakosekani. Lakini wataalamu waliolichunguza ziwa baada ya hapo walikuta kwamba kiroboto-maji wa jenasi Daphnia, ambaye alikuwa miongoni mwa walaji wakuu wa mwani wa ziwa, ametoweka. Na upandikizaji ule, tukumbuke, ulifanywa na watu waliokuwa na hesabu zao mkononi, kwa ajili ya chakula cha umma. Mwaka 2006 akaonekana Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, mwembamba, mwenye nukta za buluu zinazometameta, na sasa amezaana kiasi kwamba wavuvi humkuta kwenye nyavu zao. Huyo naye hakupanda maporomoko.

Jambo lingine linaloongeza hatari ni umbo la ziwa lenyewe. Kivu lina kina cha karibu mita 480, lakini kwa sababu ya methani na kaboni dioksidi zilizoyeyuka huko chini, oksijeni inaishia katika mita 60 hivi za juu, na samaki wote, wa asili na wa kuletwa, wamebanana humo. Sikilidi wa miamba akiachiliwa hatakwenda katikati ya ziwa kushindana na sambaza, bali atatafuta miamba ya ufukweni, ambako Haplochromis wetu ndiko wanakotaga, wanakolea na wanakojificha. Sikilidi wengi wa Tanganyika ni wakali katika kulinda eneo, na anayewafuga anajua jinsi dume mmoja wa kiganja anavyoweza kuwasukuma wenzake wote kwenye pembe moja ya tangi hadi wakafa kwa hofu na njaa. Sioni kwa nini tabia hiyo ibadilike kwa sababu tu kioo kimeondolewa. Zaidi ya hayo, maji ya Bukavu yanateremka Ruzizi hadi Tanganyika: ugonjwa au kimelea kitakachomwagwa hapa pamoja na samaki waliochanganywa na wageni wa kutoka Asia au Amerika, kama inavyotokea madukani, kina njia iliyo wazi ya kuelekea kusini.

Wapo watakaosema basi turudishe samaki Uvira, tuwaachilie pale bandarini Kalundu, kwa kuwa ndiko kwao. Hoja hii inavutia, na nimeisikia kwa watu wenye elimu, lakini nayo ina kasoro kubwa ambayo ndiyo kiini cha barua yangu. Samaki wa miamba wa Tanganyika ana ziwa, na ndani ya ziwa ana ufuko wake.

Chukua Tropheus, ambaye ndiye kipenzi cha wafugaji wengi. Ni samaki asiyezidi urefu wa kiganja kwa kiasi kikubwa, anakula mwani unaoota juu ya mawe kwenye maji ya kina kifupi, na hapendi hata kidogo kuvuka mchanga mtupu. Miamba ikikatizwa na ufuko wa mchanga au na mdomo wa mto, jamii ya upande huu haichangamani na jamii ya upande ule, na kwa maelfu ya miaka kila jamii imejipatia rangi zake. Yule wa Bemba, kusini mwa Uvira, ni mweusi mwenye mkanda mpana wa rangi ya chungwa katikati ya mwili. Yule wa Kiriza, kwenye rasi ya Ubwari, ni mweusi pia lakini mkanda wake ni wa manjano. Ukishuka kuelekea Kalemie na Moba, au ukivuka kwenda upande wa Tanzania na Zambia, utakuta wekundu, wa kijani, wa hudhurungi, wenye milia na wasio na milia. Hao wote wakiwekwa katika tangi moja huzaana bila kusita, na watoto wao hawafanani na jamii yoyote iliyopo ziwani. Kumwachilia Kalundu samaki aliyezaliwa kwenye tangi la Bukavu, ambaye mama yake alitoka Bemba na baba yake alitoka asikokujua mtu, ni kuvuruga kwa dakika moja kazi iliyochukua vizazi visivyohesabika.

Kwa hiyo mtu anayetaka kumkabidhi mwenzake samaki adimu ana wajibu wa kwanza ambao haumgharimu chochote isipokuwa karatasi: aandike samaki hao walitoka ufuko gani, nani aliwaleta, kama walivuliwa ziwani au walizaliwa nyumbani, na kama wamewahi kukaa na jamii nyingine inayoweza kuzaana nao. Jina la Kilatini peke yake halitoshi, na majina ya madukani hayasaidii kabisa. Kama historia ya samaki haijulikani, aandike hivyo hivyo kwamba haijulikani, ili mpokeaji awafuge kwa kuwatazama tu, asije akawazalisha na kuwagawa kwa jina wasilostahili. Nimeona samaki chotara wakiuzwa mjini hapa kwa bei ya samaki halisi wa Kiriza, na mnunuzi akashangilia. Aibu hiyo ni ya aliyeuza, lakini ilianzia kwa mtu fulani aliyetoa samaki wake bila maelezo.

Karatasi hiyo ieleze pia umri wa samaki. Tropheus duboisi, ambaye alielezwa kitaalamu mwaka 1959 na Georges Marlier, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Uvira, akiwa mdogo huwa mweusi mwenye nukta nyeupe mwili mzima; akikua nukta zote hupotea, kichwa kikawa cha kibuluu, na mkanda mmoja mweupe au wa manjano ukatokea. Mpokeaji asiyeambiwa hilo anaweza kudhani samaki wake wanaumwa, akawamwagia dawa wasizohitaji.

Wajibu wa pili ni kuwatoa samaki kwa kundi. Tropheus huishi kwa makundi, na mkali wao hugawanya ukali wake kwa wote. Akibaki na wenzake wawili au watatu tu, mmoja atauawa, kisha wa pili. Tangazo linalosema kila anayetaka aje achukue mmoja au wawili linaonekana la haki, kumbe linawahukumu. Jike wa Tropheus hutaga mayai machache tu, mara nyingi hayafiki 20, makubwa, naye huyabeba kinywani kwa karibu mwezi mzima hadi vitoto vitoke vikiwa vimekamilika. Kundi likishavunjwa, kulijenga upya ni kazi ya miaka. Jike aliyebeba mayai asisafirishwe kama inawezekana kungoja, maana akishtuliwa huyatema au huyameza.

Kuhusu safari yenyewe, hapa ndipo wengi wanapoua samaki wakidhani wanawahurumia. Samaki wasipewe chakula kwa siku mbili kabla ya kuondoka, ili wasichafue maji njiani. Wawekwe kwenye mifuko ya plastiki miwili miwili, mmoja ndani ya mwingine, maji yakiwa theluthi moja na hewa theluthi mbili, na pembe za chini za mfuko zikunjwe na kufungwa kwa utepe wa gundi ili samaki wadogo wasibanwe humo. Mifuko ipangwe ndani ya sanduku la frigoliti, lile lile linalotumika kubebea samaki wabichi, kwa sababu atokaye uwanda wa Ruzizi, kule Kamanyola kwenye joto, akapanda milima ya Ngomo na kuingia Bukavu jioni, anabadilisha hali ya hewa kabisa ndani ya saa chache.

Samaki akishafika ndipo linapokuja kosa kubwa. Katika mfuko uliofungwa samaki hupumua, kaboni dioksidi hujaa, na pH ya maji hushuka. Wakati huo huo amonia kutoka kwenye matamvua na kinyesi chake huongezeka, lakini kwa kuwa pH iko chini, sehemu kubwa yake hugeuka kuwa amoniamu isiyomdhuru sana. Ukifungua mfuko, kaboni dioksidi hutoroka, pH hupanda, na amonia ile ile iliyokuwa imelala hugeuka kuwa sumu. Na ukiongeza hapo maji ya tangi yenye pH ya 8.5 au 9 tone kwa tone kwa saa nzima, kama wengi walivyofundishwa, unakuwa unamwogesha samaki ndani ya sumu hiyo kwa upole mkubwa. Baada ya safari ndefu, mfuko uachwe uelee juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa hadi joto la maji lilingane, kisha ufunguliwe, samaki watolewe kwa wavu na kuingizwa tangini bila kuchelewa, na maji ya mfuko yamwagwe chooni. Tone kwa tone inafaa kwa mtaa na mtaa, si kwa Uvira na Bukavu, na sembuse kwa samaki anayepelekwa Goma kwa boti.

Sasa nani apewe? Kwa maoni yangu, mpokeaji achaguliwe kwa ukubwa wa tangi lake na kwa maji yake, si kwa urafiki wala kwa uwezo wa kulipa. Anayeishi katika vyumba viwili na ana tangi la lita 60 anaweza kuwa mfugaji bora wa Neolamprologus brevis, samaki wa sentimita chache ambaye dume na jike wake hutumia kombe moja la konokono, Neothauma, na hawahitaji eneo kubwa. Mtu huyo huyo akipewa Cyphotilapia frontosa, yule mwenye mistari myeusi na nundu kwenye paji la uso, atakuwa amepewa mzigo: frontosa hupita sentimita 30, huhitaji tangi la lita 500 na zaidi, huishi miaka 20 au hata zaidi akitunzwa vizuri, na usiku huwameza wale wadogo wa kwenye makombe bila kuacha ushahidi. Anayempokea frontosa akiwa na umri kama wangu afikirie pia nani atamrithi, na aandike jina lake mapema.

Mpokeaji aulizwe atawalisha nini. Tropheus ana utumbo mrefu ulioumbwa kwa ajili ya mwani, na akilishwa nyama ya kusaga au moyo wa ng'ombe, kama wafugaji wanavyowazoesha samaki wakubwa, tumbo huvimba, huacha kula, hutoa kinyesi cheupe kama uzi, na kundi zima linaweza kwisha ndani ya juma. Chakula cha spirulina, mwani uliokaushwa, kinatosha, na lengalenga iliyochovywa kwenye maji ya moto kisha ikafungwa kwenye jiwe huliwa ikabaki mishipa mitupu. Maji ya bomba yaachwe yapoteze klorini yake, na yakiwa mepesi yaongezewe madini kwa magadi kidogo na mawe ya chokaa, kwa kupima, si kwa kukisia.

Swali la umeme halikwepeki mjini kwetu. Umeme ukikatika, joto si tatizo la kwanza, maana tangi kubwa hupoa polepole na blanketi moja linalosahaulika kabatini linatosha kulifunika hadi asubuhi. Tatizo ni kichujio. Bakteria wanaoishi kwenye sponji lake, wale wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitreti, wanahitaji oksijeni, na maji yakisimama ndani ya kichujio kilichofungwa kwa saa kadhaa huanza kufa na kuoza. Umeme ukirudi usiku wa manane, kichujio humwaga uozo huo wote ndani ya tangi, na asubuhi mwenye nyumba anawakuta samaki wamepanda juu wakihema, akailaumu baridi. Sponji isuuzwe kwanza kwenye ndoo ya maji ya tangi ndipo kichujio kiwashwe, na kila mfugaji awe na pampu ndogo ya hewa ya betri. Mtu ambaye hana mpango wowote wa saa za giza asipewe samaki adimu, hata akiwa ndugu.

Najua yupo msomaji atakayesema kwamba mji wenye shida za maji, barabara na usalama hauna haja ya barua ndefu kuhusu samaki wa kutazama, na kwamba samaki ni wa kuliwa. Simlaumu. Lakini hao wa kutazama na hao wa kuliwa wanaishi katika ziwa moja, na wanapotea kwa sababu zile zile. Tafiti zilizofanywa kaskazini mwa Tanganyika mapema miaka ya 1990 zilionyesha kwamba pale ambapo milima imekatwa miti na udongo ukateremka hadi ziwani, miamba hufunikwa na matope na aina za viumbe hupungua kuliko kwenye miamba iliyo safi. Mtu anayepita barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka baada ya mvua kubwa ataona kwa macho yake rangi ya maji kwenye midomo ya mito, bila kuhitaji mtafiti. Jamii ya samaki inayoishi katika kilomita chache tu za miamba haina pa kukimbilia.

Wala si jambo la kufikirika kwamba samaki wa kwenye tangi wanaweza kuwa ndio waliobaki. Ziwa Viktoria lilipoteza aina nyingi mno za furu, sikilidi wadogo wa huko, katika miaka ya 1980, baada ya sangara aliyepandikizwa tangu miaka ya 1950 kuongezeka, na baadhi ya furu hao waliendelea kuzaliana katika akwariamu za Ulaya na Marekani. Mwaka 2013 bustani ya wanyama ya London ilitoa mwito kwa wafugaji wa dunia nzima kumtafuta jike wa sikilidi mmoja wa Madagaska, Ptychochromis insonitus, kwa sababu waliokuwa wamebaki kwenye matangi walikuwa madume watupu. Mwishowe, kwa msaada wa mtu wa Madagaska aliyeusikia mwito huo, kundi dogo lilipatikana katika kijito kilichotengana na mto wao wa asili, na 18 kati yao wakapelekwa kwenye kituo cha kuzalishia. Bahati kama hiyo haitegemewi mara mbili.

Hapo hapo niseme wazi kwamba simhesabu kila mwenye tangi kuwa mwokozi wa ziwa. Samaki watano wa tumbo moja wanaozaana wenyewe kwa wenyewe sebuleni si hifadhi ya chochote, hata wawe wazuri kiasi gani. Thamani inaanza pale wafugaji kadhaa wanapokuwa na samaki wa ufuko mmoja, wakabadilishana madume kwa wakati, na kila mmoja akajua mwenzake ana nini. Kwa sasa Bukavu hatuna hilo. Mtu akihama, akifariki au akichoka, samaki hutawanyika kwa majirani, na baada ya mwaka hakuna anayeweza kusema walikwenda wapi.

Vyombo vya kulirekebisha hili vipo karibu nasi. Kuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia cha Uvira, ambacho wataalamu wake wanaifahamu miamba ya kaskazini mwa Tanganyika. Kuna kituo cha sayansi cha Lwiro, mrithi wa taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947. Na hapa mjini kuna idara za biolojia za Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu na za Chuo cha Ualimu, ISP. Siwaombi fedha, kwa kuwa najua hali zao. Naomba idara moja ikubali kutunza daftari ambamo mfugaji ataandikisha samaki alionao, ufuko walikotoka na mtu aliyempa, na ambamo anayehama atapata jina la anayefuga jamii ile ile. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho angeweza kulisimamia kama sehemu ya kazi yake ya utafiti, na huenda akapata humo habari ambazo hazijaandikwa popote.

Kwa gazeti lenu nina ombi dogo zaidi. Matangazo ya kutoa samaki yatengewe kona yake, yasichanganywe na ya kuuza viti na majiko, na anayetoa bure asitozwe ada. Kila tangazo litaje jina la samaki, ufuko walikotoka, idadi yao kama kundi, ukubwa wa tangi wanaloishi sasa na chakula walichozoea. Tangazo lisilotaja ufuko lichapishwe likiwa na maneno "asili haijulikani", na lile linalotishia kumwachilia samaki ziwani lirudishwe kwa mwenyewe pamoja na nambari za wafugaji watakaokuwa tayari kuja kuwachukua. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza katika orodha hiyo, na ofisi yenu ina anwani yangu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Ibanda, Bukavu